Kanga Kwenye Koo la Gari

Kwanza tuelewane: mie si mtu wa mbwembwe. Wanaonijua kule Tegeta watakwambia nilikuwaga naendesha gari langu kama mtu aliyepakiza trei za mayai. Ila gari lenyewe lilinichosha. Ni gari dogo la Kijapani, lilikuja nchini likiwa limeshachoka na mie nikalimalizia. Siku moja napandisha kilima cha Goba, bajaji yenye abiria watatu na mbuzi ikanipita. Mbuzi aligeuka akanitazama. Watu wangapi wamenidharau maishani nikawasamehe, lakini yule mbuzi alinikaa rohoni.

Ndipo nikaanza kuangalia video kwenye simu. Kuna watu huko duniani wamejaaliwa: wanafungua boneti, wanang'oa lile boksi jeusi linalochuja hewa kabla haijaingia kwenye injini, ambalo mafundi wetu wanaliita ea klina, na mahali pake wanafunga bomba linalong'aa lenye filta ya wazi kichwani, umbo lake kama koni ya aiskrimu. Wanasema gari likifungwa hivyo linapumua vizuri, linavuta, halafu linaunguruma. Kwenye video kazi yote inaisha kabla chai haijapoa. Nikaagiza yangu.

Sasa wakati huo mke wangu alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, tumbo limeshashuka, na nyumbani palikuwa na mgogoro. Watu wa mke wangu asili yao ni Kisarawe, wanaishi Gongo la Mboto, na kwao mtoto wa kwanza huzaliwa mikononi mwa bibi yake. Binti anarudi kwa mama, anajifungua, anakandwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga mpaka arobaini ipite. Baba wa mtoto je? Baba anakuja kutembelea. Anapewa kiti, anapewa soda, anaonyeshwa mtoto, halafu watu wanaanza kumwuliza kama barabarani kuna foleni, maana yake aondoke.

Mie nilikataa. Nyumba yangu ni vyumba viwili na sebule, plasta ya nje bado, lakini chumba cha mtoto nilikipaka rangi kwa mikono yangu, rangi ya kijani, na mgongo uliniuma wiki nzima. Nilitaka mwanangu alale humo tangu siku ya kwanza. Nilitaka kuamshwa na kilio chake mie, siyo kusimuliwa. Mke wangu alikuwa upande wangu, ila kwa sauti ndogo, kwa sababu mama yake alikuwa amekuja kuliamua jambo hilo yeye mwenyewe.

Mama mkwe alifika na begi moja na shaka moja. Shaka lilikuwa barabara. Nyumba yetu iko ndani ndani, ni mchanga mtupu mpaka ufike lami, na yeye akauliza uchungu ukimshika bintiye watafikaje hospitali. Alimwuliza mke wangu. Mie nilikuwa nimesimama pale pale, ningeweza kumpokea kikombe. Lakini ndiyo heshima ya ukwe kwao: mama mkwe hasemi na mkwewe wa kiume moja kwa moja. Hanitazami usoni, sikanyagi mkeka wake, hatuli pamoja, na akiwa na neno nami hulipitisha kwa bintiye. "Mwambie mumeo chai tayari," anasema, na mie nipo mlangoni naiona chai inavyofuka. Tangu nioe hakuwahi kunielekezea hata neno moja. Na uchungu zaidi ni kwamba mie Mnyamwezi na wao Wazaramo, watani wa tangu enzi. Tungekuwa hatujaoana tungetukanana kutwa nzima na kucheka. Ukwe umetufunga midomo wote wawili.

Nikamwambia mke wangu amwambie mama yake kwamba gari lipo. Mama akamwuliza bintiye kama ni hilo hilo lililopitwa na mbuzi. Kumbe mke wangu alishasimulia.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikaona lile bomba limefika kwa wakati wake. Jumamosi nalifunga, gari linavuta, mama mkwe anapanda, anajionea mwenyewe tunavyokata mchanga, na suala la Gongo la Mboto linakwisha. Nilikuwa na hoja moja tu ya kumbakiza mke wangu nyumbani, hoja yenye magurudumu manne, nami nikaamua kuifungua fungua wiki ile ile anayotarajia kujifungua. Mke wangu aliniuliza kama ninajisikia vizuri. Nikamjibu usione vyaelea, vimeundwa. Akashika kiuno akaenda zake ndani.

Jambo ambalo video hazikunionya ni hili: kwetu ukifungua boneti umefungua baraza. Sijashika hata bisibisi mkononi, mwenye duka la kona akafika. Huyu ni mzee wa Kiarabu, familia yake imeuza duka mtaani kwetu tangu nyumba zikihesabika, na siku hiyo aliacha wateja wanapanga foleni. Nikampa shikamoo, akanijibu marahaba huku macho yameshaingia kwenye injini. Akauliza gari linaumwa nini. Nikasema haliumwi. Akasema basi kama haliumwi unalipasua la nini. Nyuma yake akaja jirani yangu mwalimu, mtu wa Kilimanjaro, kashika kikombe cha chai. Wote wawili, kwa ninavyojua, hawajawahi kufungua kitu chochote kikubwa kuliko mfuniko wa chupa. Lakini walijipanga pembeni yangu kama madaktari wa zamu.

Kung'oa boksi la zamani hakukunishinda. Nati zilitoka kwa ubishi, klipu moja ikarukia mchicha wa mke wangu, mwisho boksi likatoka na vumbi la nchi kadhaa. Likabaki tundu wazi, mdomo wa mpira unaoelekea moja kwa moja kwenye injini. Mwalimu akasema nilizibe, nati ikidumbukia humo nimekwisha. Na hata kwenye video walisema hivyo hivyo. Nikaangaza macho kutafuta tambara. Kamba ya nguo ilikuwa hapo karibu, na mwishoni mwake ilining'inia kanga moja kuukuu, imepauka, laini kwa kufuliwa, pindo limeanza kuchanika. Nikajua ni ile anayopigia deki mke wangu. Nikaivuta, nikaikunja vizuri, nikaishindilia kwenye tundu mpaka ndani. Mwenye duka akasema mashallah, huyu kijana ana mkono wa kazi. Mgema akisifiwa, mnajua wenyewe.

Adhana ya adhuhuri ikaita. Mzee akaenda kuswali, mwalimu akaenda kuongeza chai, na mie nikaletewa sahani yangu barazani, peke yangu kama mkwe anavyotakiwa: wali na samaki changu wa nazi, mkono wa mama mkwe huo. Yule mama ananipinga kila kitu lakini akipika unasahau jina lako. Nilisahau langu, na nilisahau mengine. Niliporudi garini tumbo limejaa, usingizi unanichezea machoni na sifa za mzee bado zinanipigia ngoma masikioni. Nikalichukua bomba langu linalong'aa, nikalivalisha kwenye ule mdomo wa mpira, nikakaza klampu, ile pete ya chuma inayobana, nikaweka koni kichwani, nikachomeka waya wa sensa, kidude cha kupima hewa. Ilipendeza, sisemi uongo. Nikaipiga picha.

Nikawasha. Gari likakohoa, likatetemeka mwili mzima, likazima.

Nikawasha tena. Safari hii likashika, lakini nikigusa mafuta tu linakabwa na kufa. Baraza likarudi haraka kuliko lilivyoondoka. Mwenye duka alisema ni petroli, siku hizi wanachanganya na mafuta ya taa, na kwamba yeye ameshauza mafuta ya taa anaijua harufu yake. Mwalimu alisema ni sensa. Mzee akauliza sensa ni nini. Mwalimu akaanza kumfundisha kwa kuchora mchangani. Nilifungua hiki nikafunga kile, nikapuliza huku nikafuta kule, na kila nikiinua kichwa mwalimu anasema sensa. Nina hasira za karibu, sifichi. Niliwaambia wazee wangu, kwa heshima zote, atakayetamka tena neno sensa nitamfunga yeye mahali pa filta. Wakarudi nyuma hatua mbili, wakabaki wanatazama kwa ustaarabu.

Katikati ya balaa hilo mama mkwe akatoka kuanua nguo. Nilimwona anahesabu kwa macho, anainama, anatazama nyuma ya tangi la maji. Akamwita bintiye. Wakanong'onezana, kisha mke wangu akaja kuniambia kanga ya mama haionekani. Zilianikwa mbili, doti moja, kipande kimoja kimekauka kikaanuliwa mapema, cha pili hakipo. Mwenye duka akasema ni upepo. Mwalimu akasema ni mbuzi wa jirani, kuna mbuzi mmoja anakula mpaka soksi. Mie niliposikia mbuzi damu ikachemka. Nikaona pia ni nafasi ya kujipatia alama kwa mama mkwe, basi nikaacha spana nikaingia kwenye michongoma kutafuta, nikatoka nimechanika mkono. Nikaenda mpaka kwa jirani nikamkagua mbuzi mdomo.

Ndipo mke wangu akaniambia taratibu kwamba ile si kanga ya hivi hivi. Ndiyo aliyopokewa nayo yeye mwenyewe siku alipozaliwa. Mama yake ameitunza sandukuni miaka yote, doti nzima, na ameileta ili ampokelee mjukuu. Aliifua asubuhi ile kuitoa harufu ya sanduku. Nilimwonea huruma yule mama, wallahi. Alikaa mkekani ameshika kile kipande kilichobaki, na hata chai ya jioni hakunywa. Nikaapa moyoni kwamba mbuzi yule nitapambana naye. Kwamba nilikuwa na kanga mikononi mwangu saa chache kabla, hilo halikunijia kabisa. Mie nilizibia tundu tambara la deki, na lile tambara nalo nilishalisahau.

Jumapili asubuhi, nikiwa nimepanga kumwita fundi wa kweli kesho yake, uchungu ukamshika mke wangu.

Nilipiga simu ya teksi. Dereva akafika mpaka mwisho wa lami, akauona mchanga wetu, akasema anatusubiri hapo hapo, haingii. Mke wangu kutembea alikuwa hawezi. Tukamwingiza kwenye gari letu, mama mkwe nyuma naye akimshika mabega, nikawasha. Likashika. Nikigusa mafuta linataka kuzima, nikiachia linatambaa, basi tukatambaa, na kuku mmoja akatupita. Tulifika katikati ya mchanga, lami tunaiona kwa macho, gari likakohoa mara ya mwisho na kunyamaza.

Nilitoka nikafungua boneti. Niliogopa, na sioni haya kulisema. Niliogopa kwa ajili ya mke wangu, niliogopa kwa ajili ya mtoto, na chini ya woga huo nilisikia kabisa mlango wa kile chumba cha kijani ukijifunga. Nyuma yangu nikamsikia mama mkwe anashuka. Akaja akasimama upande wa pili wa boneti, macho yake hayako kwangu, yako kwenye injini. Akainama. Akainuka. Akageuza kichwa kuelekea dirishani.

"Mwambie mumeo..." akaanza.

"Mama, mwambie mwenyewe!" mke wangu alipiga ukelele uliofika kwenye teksi.

Mama mkwe akabaki njia panda. Kulia kwake bintiye anaumwa, kushoto kwake heshima ya mababu, na mbele yake mie na spana. Halafu akainamia injini, akaliwekea mkono lile bomba langu linalong'aa, akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"We gari, mwambie bwana wako akutoe kanga yangu kooni."

Nikatazama alipoweka mkono. Pale bomba lilipokutana na mpira, chini ya klampu, limechomoza pindo dogo la kanga limechanika chanika, halifiki hata nusu ya kidole. Jamani. Yaliyofuata niliyafanya bila kupumua: nikalegeza klampu, nikang'oa bomba, nikaingiza vidole nikavuta, na kanga ikaanza kutoka, ikatoka, ikazidi kutoka, ndefu, imekunjika, nyeusi ya masizi na mafuta, mbele ya mwenyewe. Sikujua nimpe au nijifunike nayo. Mkwe na kanga ya mama mkwe ni vitu visivyotakiwa kukutana hata kwenye kamba, na mie nilikuwa nimeishindilia kwenye injini. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaikunja polepole, upande msafi ukiwa nje, akaitia begini, akarudi kukaa nyuma.

Nikarudishia bomba, nikawasha. Hapo ndipo nilipolisikia gari langu kwa mara ya kwanza. Liliunguruma, fuuuuu, sauti nene kutoka kifuani, likaruka kutoka kwenye mchanga ule kama limefukuzwa. Tuliipita teksi iliyokuwa inatusubiri na sikusimama hata kuomba radhi. Tangu hapo mpaka hospitali hakuna bajaji iliyotusogelea. Kioo kilinionyesha mama mkwe ameng'ang'ania kiti cha mbele kwa mkono mmoja na bintiye kwa mwingine, midomo inacheza, nadhani alikuwa anasoma dua.

Alizaliwa binti, mzima, mwenye sauti. Alipokewa kwa kile kipande cha kanga kilichokauka mapema.

Na tulipotoka hospitali mama mkwe akamwambia bintiye: "Mwambie mumeo atupeleke nyumbani." Sikuuliza nyumbani wapi. Mwanamume aliyetia kanga ya uzazi kwenye injini hana la kuuliza. Nikakata kona kuelekea Ubungo, nikashika njia ya Gongo la Mboto, na njiani nilikuwa nafikiria ile rangi ya kijani. Iliniuma sana. Pale nilikuta kiti changu na soda yangu vinanisubiri.

Ila sikukubali kuwa mgeni wa mara moja kwa wiki. Kila siku nikitoka kazini nilivuka jiji lote, na mwenye kuijua foleni ya barabara ya Pugu jioni atanipa pole. Gari liliunguruma njia nzima. Kwenye foleni watu walinitazama wakidhani mie kijana wa mashindano, wakakuta mtu mzima ana kipara na mfuko wa nepi. Kwa kweli aibu ilianza kunishika. Na mke wangu aliponiambia kwamba mama yake huusikia mlio nikiwa bado kwenye kona ya msikiti, akasema "huyo, anakuja na jenereta lake la upepo, teleka chai," nilijua kabisa ninachekwa. Mtoto naye eti akisikia ule mlio huacha kulia akatega sikio. Nikasema anaogopa.

Arobaini ikafika. Nywele zikanyolewa, dua ikasomwa, pilau ikaliwa, na mizigo ya mke wangu ikaanza kutolewa uani, kwani sasa ni zamu ya Tegeta. Mie nilikuwa nimejiandaa. Ndani ya buti nilibeba lile boksi jeusi la zamani, nimelisafisha, maana nilishaamua mwanangu hawezi kuingia kwake mara ya kwanza kwa makelele yale. Nikafungua boneti pale pale uani, nikaanza kulegeza klampu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikafungua boneti bila mtu kuja kunipa ushauri.

Mama mkwe akatoka ndani na zile kanga mbili zimekunjwa pamoja. Ile moja alikuwa ameifua na kuifua, kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jua, na doa la mafuta likabaki vile vile katikati, kubwa kama sahani. Akampa mke wangu doti nzima aende nayo. Nikasubiri aondoke nimalizie kazi. Hakuondoka. Akasogea mpaka kwenye boneti, akatazama spana mkononi mwangu, akatazama boksi la zamani chini, halafu akainua macho akanitazama usoni. Mie ndiye niliyeinamisha yangu.

"We Mnyamwezi," akaniambia, "liache hilo bomba. Ukilitoa, mie nitajuaje kama mnakuja?"

Nikakaza klampu, nikafunga boneti.